Bakshishi na Haki ya Mtumishi

Mazungumzo ya leo yanahusu jambo dogo kwa kiasi chake lakini si dogo kwa maana yake, nalo ni bakshishi, yaani ile noti ya shilingi hamsini au mia ambayo mteja, akiisha kula akashiba, au akiisha kunyolewa akajitazama kiooni akaridhika, humwachia aliyemhudumia juu ya bei aliyotajiwa, pasipo kudaiwa wala kushurutishwa. Watu wanaulizana siku hizi, hapa kwetu na katika nchi za mbali, kama fedha hiyo nayo itozwe kodi mithili ya mshahara, au iachwe ipite kimya kimya kutoka mkono mmoja hadi mwingine kama ilivyopita tangu enzi za babu zetu. Nami nakusudia kulipima swali hilo kwa insafu, nikianzia hapa hapa Thika na Ruiru, maana neno la kodi halifahamiki vizuri mpaka lishushwe kutoka vitabu vya sheria na kuwekwa juu ya meza ya mkahawa.

Ijapokuwa miji hii miwili imeunganishwa na barabara kuu moja, ile pana iliyofunguliwa rasmi mwaka 2012, bakshishi ina sura nyingi kati ya mwanzo na mwisho wa safari hiyo. Pale Thika kuna hoteli ya Blue Posts, iliyosimama tangu mwaka 1908 baina ya maporomoko ya mto Chania na yale ya mto Thika, ambayo zamani ilikuwa kituo cha walowezi wa mashamba ya kahawa na katani, na leo hupokea jamaa waliotoka kanisani siku ya Jumapili, watu wa arusi wanaotafuta mahali pa kupigia picha, na maofisa wa semina. Katikati ya mji kuna vinyozi ambao mteja wao, akiisha kunyolewa, hukabidhiwa kwa binti wa kumwosha na kumkanda kichwa na mabega, na binti huyo aghalabu hutegemea kile atakachoachiwa kuliko kile atakachopewa na mwenye duka. Ukishuka hadi Ruiru, mji uliomea juu ya mashamba ya kahawa yaliyogeuka kuwa nyumba za kupanga, utafika Kamakis, kando ya Bypass ya mashariki, ambako moshi wa nyama choma haukatiki mwisho wa juma, na ambako mchomaji huileta nyama juu ya ubao, akaikatakata mbele ya macho yako kwa kisu chepesi, akaweka chumvi na kachumbari pembeni, kisha akasimama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika. Hasemi neno. Akiwa ni mtu wa maneno atasema, "Mkubwa, hujatuachia ya chai?" nawe utajibu, "Haya, shika hii, ndugu yangu," na hesabu imekwisha.

Kabla ya kuendelea imetupasa kuitenga bakshishi na ndugu yake mbaya, ambaye hufanana naye kwa mavazi ingawa hawakuzaliwa tumbo moja. Bakshishi hutolewa baada ya kazi, kwa hiari, kwa mtu ambaye angekuhudumia vile vile usingempa; rushwa hutolewa kabla ya kazi, kwa hofu au kwa tamaa, ili upewe kisicho chako au acheleweshwe mwenzako aliyekutangulia katika foleni. Mpaka huo ni mwembamba, na mataifa yamepata kuteleza hapo. Jirani zetu wa Tanzania waliingiza katika sheria yao ya uchaguzi, mwaka 2000, ruhusa ya takrima, kwamba mgombea aweza kuwakirimu wapiga kura kwa mujibu wa mila ya ukarimu, hata Mahakama Kuu ilipoliangalia jambo lile mwaka 2006 ikaamua kwamba ruhusa hiyo haipatani na Katiba, kwa kuwa inampa mwenye mali nguvu asiyokuwa nayo maskini. Sisi Kenya tuna Sheria ya Rushwa ya mwaka 2016, na karani wa ofisi ya umma anayepokea "ya chai" ili faili lipatikane hana nafasi katika mazungumzo haya, nawaachia wanaohusika. Ninayemzungumzia ni mhudumu wa mezani, mpakuaji, mchomaji, kinyozi, mfagiaji wa chumba cha hoteli, mwosha magari, na soja anayekuonyesha pa kuegesha gari.

Sasa tuulize: sheria yasemaje? Wengi hudhani kwamba bakshishi haijulikani na sheria, na kwamba kuitoza kutakuwa ni kuanzisha kodi mpya. Sivyo. Sheria ya Kodi ya Mapato, iliyoanza kutumika mwaka 1974, inapoyaeleza mapato ya ajira hutaja mshahara, ada, kamisheni, marupurupu na malipo ya shukrani yanayopatikana kwa sababu ya ajira au huduma iliyotolewa. Na maneno hayo ni mapana kiasi cha kuweza kuizoa hata noti iliyokunjwa chini ya kisahani. Kwa upande wa pili, Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2013 imeonyesha huruma ya namna yake: ile ada ya huduma ambayo hoteli huiandika katika stakabadhi badala ya bakshishi haitozwi kodi hiyo ya asilimia 16, mradi isizidi asilimia 10 ya bei, na mradi igawiwe wafanyakazi wenyewe kwa mapatano yaliyoandikwa. Basi sheria yetu inaitambua bakshishi mara mbili: mara moja kama pato la anayepokea, na mara ya pili kama amana iliyomo mikononi mwa mwenye hoteli. Shikeni neno hilo la amana, kwa kuwa ndilo litakalotuongoza.

Tufanye hesabu, maana kodi ni hesabu kabla ya kuwa siasa. Agizo la mishahara la Serikali huziweka Thika na Ruiru katika daraja la pili, chini ya Nairobi, Mombasa na majiji mengine: Thika kwa kuwa ilikuwa manispaa, na Ruiru kwa kutajwa kwa jina lake pamoja na Mavoko na Limuru. Katika agizo lililoanza Novemba 2024, kima cha chini cha mshahara wa mhudumu wa mezani katika daraja hilo, bila posho ya nyumba, hakikufika shilingi 17,000 kwa mwezi. Na tuchukue mfano wa mhudumu anayelipwa 16,000, ambaye kwa tabasamu lake na wepesi wa miguu yake hupata bakshishi ya shilingi 6,000 kwa mwezi, jumla 22,000. Kodi ya mshahara hutoza shilingi 24,000 za kwanza kwa asilimia 10, yaani shilingi 2,400, na nafuu anayopewa kila mlipaji kodi ni shilingi 2,400 hizo hizo. Kwa hiyo mtu ambaye pato lake lote halijavuka 24,000 hadaiwi kodi ya mapato hata senti moja. Mhudumu wetu, hata akizitangaza bakshishi zake zote barazani mwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, atarudi nyumbani na mfuko ule ule.

Lakini hesabu haiishii hapo. Yako makato mengine ambayo hayana kizingiti cha kumwacha maskini apite: bima ya afya ya asilimia 2.75, ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, na mchango wa hifadhi ya jamii (NSSF) wa asilimia 6. Zikihesabiwa bakshishi kuwa sehemu ya mshahara wake, zile 6,000 zitakatwa 165 za bima, 90 za nyumba na 360 za NSSF, jumla 615. Hapa ndipo penye uchungu, na hapa ndipo wanaopiga kelele juu ya kodi ya bakshishi wanapokosea shabaha, kwa kuwa huinyoshea kidole kodi ya mapato, isiyomgusa mtu huyu, wakaisahau michango inayomgusa kuanzia shilingi ya kwanza. Na hata sasa, aliyepewa bakshishi kwa simu hajaepuka mkono wa Serikali kabisa: mteja akituma zaidi ya shilingi mia, kampuni ya simu hutoza ada yake, na juu ya ada hiyo Serikali huchukua ushuru wa asilimia 15. Bakshishi ya noti haina shahidi. Ya M-Pesa ina stakabadhi, saa na tarehe, na akitaka mtu kuifuata, njia imekwisha kuchimbwa.

Nisije nikasikika kama mtu anayeisema michango hiyo kwa ubaya tu. Upande wa pili una hoja yake, nao tuupe nafasi yake. Pato lisiloandikwa popote ni pato lisilomshuhudia mwenyewe siku ya haja. Mhudumu aliyepata 22,000 kwa miaka kumi, lakini vitabu vikamjua kwa 16,000, atakopeshwa kwa kipimo cha 16,000, atalipwa likizo ya uzazi kwa kipimo cha 16,000, na uzeeni akiba yake itakuwa ni ya mtu wa 16,000. Fauka ya hayo, iko hoja ya usawa. Mfanyakazi wa kiwanda cha nguo au wa kiwanda cha mananasi pale Thika hapewi bakshishi na mtu yeyote; kila shilingi anayoipata huonekana, na kila shilingi hukatwa kwanza. Je, ni uadilifu kwamba jirani yake katika nyumba ile ile ya kupanga, kwa kuwa yeye hubeba sinia badala ya kusimama mbele ya mashine, aachwe na pato lile lile bila kuguswa? Na mhudumu wa hoteli ya fahari, ambaye msimu ukiwa mzuri bakshishi zake hushinda mshahara wa mwalimu, naye aachwe? Sidhani. Hoja hiyo ina uzito, na mtu mwenye insafu hawezi kuitupa.

Tutazame nje kidogo, tupate kuona wenzetu wamefika wapi. Huko Marekani, mgombea Donald Trump alitoa ahadi katika mji wa Las Vegas, Juni 2024, kwamba bakshishi hazitatozwa kodi. Na tarehe 4 Julai 2025 akiwa Rais alitia saini sheria inayomruhusu mfanyakazi kutoa katika pato lake linalotozwa kodi bakshishi zisizozidi dola 25,000 kwa mwaka, kuanzia 2025 hadi 2028. Ni habari njema masikioni. Lakini wapo wahudumu wengi wa nchi ile ambao pato lao ni dogo hata hawakuwa wakidaiwa kodi hiyo tangu awali, kwa hiyo msamaha huo haukuwaongezea kitu. Na wakati huo huo, mshahara wa chini ambao sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi wa bakshishi umebaki dola 2.13 kwa saa tangu mwaka 1991, kwa kuwa sheria inakubali bakshishi ya mteja ijaze upungufu wa mwajiri. Hiyo ndiyo hatari ninayotaka tuitazame vizuri. Iliwapata zamani watumishi weusi wa mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman, waliolipwa mshahara haba wakaachiwa waishi kwa hisani ya abiria, wakachekea kila dharau kwa kuwa mkate wao ulikuwa mfukoni mwa mwenye kudharau, hata walipounda chama chao mwaka 1925 chini ya A. Philip Randolph, na kampuni ikatia saini mkataba nao mwaka 1937, ndipo heshima yao ilipoanza kuwa na bei iliyoandikwa.

Uingereza wamekwenda njia nyingine. Sheria yao ya mwaka 2023, iliyoanza kufanya kazi tarehe 1 Oktoba 2024, haikuuliza kwanza kama Serikali ichukue chochote katika bakshishi; iliuliza kama mwenye mkahawa achukue chochote, ikajibu la. Inamlazimu mwajiri kuwapa wafanyakazi bakshishi zote na ada zote za huduma, kwa mgao wa haki na unaoelezwa wazi, pasipo yeye kubakisha kitu. Kodi ya mapato wanayo vile vile, lakini kwanza wamehakikisha kuna kitu cha kutozwa.

Basi turudi Ruiru na Thika na swali hilo la Uingereza mikononi. Ni nani anayeitoza bakshishi leo? Kwa maoni yangu, si Serikali. Anayeitoza ni yule mwajiri anayemwambia kijana siku ya kuanza kazi, "Mshahara ni mdogo, lakini hapa tips zipo," akamwajiri kwa kibarua cha siku pasipo barua wala mkataba, akahesabu ukarimu wa wateja kuwa ni sehemu ya malipo anayodaiwa yeye. Ni yule anayeandika ada ya huduma katika stakabadhi, akaikusanya kwa uangalifu, kisha isionekane tena. Ni yule ambaye mteja akila akatoroka bila kulipa, humkata mhudumu gharama ya sahani, hali Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imetaka mshahara ulipwe wote na ikaorodhesha makato yanayokubalika. Makato ya michango yote mitatu, kama tulivyoona, ni 615 katika 6,000. Sahani mbili tatu za nyama zilizolipiwa na asiyezila zaweza kuzidi hapo kwa jioni moja, na hakuna bima wala akiba inayotokana nazo.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anakuja kweli, na anaacha kitu. Swali ni kama anayepona ni yule aliyemhudumia. Kuizungumza kodi ya bakshishi kabla ya kulijibu swali hilo ni kugombea mgao wa mali ambayo mwenyewe hajakabidhiwa.

Hukumu yangu, wasikilizaji, ni hii. Noti anayopewa mtu mkononi, kwa mapenzi ya mteja, katika kibanda, kwa kinyozi au pale penye moshi wa Kamakis, isiundiwe kodi mpya wala mtego mpya. Sheria iliyopo yatosha, nayo kwa watu wengi wa kazi hizo haidai kitu, na gharama ya kuifukuzia itaizidi thamani yake. Wala isitungiwe msamaha wa kifahari kama ule wa Marekani, utakaomfaidi mhudumu wa hoteli ya fahari na kumpita huyu wa 22,000 bila kumwona, huku ukiwafundisha waajiri kupunguza mishahara. Yule ambaye bakshishi zake zimemvusha kizingiti, na alipe kama mwalimu anavyolipa na kama mtu wa kiwandani anavyolipa. Ama ile ada ya huduma inayoandikwa katika stakabadhi, hiyo ni jambo jingine: imeingia vitabuni, basi itoke vitabuni, igawiwe wafanyakazi kila mwezi, ionekane katika hati ya mshahara, ikatwe michango na ihesabiwe katika likizo na uzeeni. Bunge likitaka kuongeza sheria, liongeze hiyo, kwamba mapato ya bakshishi ni mali ya mtumishi na hayahesabiki kamwe kuwa sehemu ya mshahara wa chini, na mwajiri anayeyazuia ashtakiwe kama anavyoshtakiwa mwenye kuzuia mshahara. Na wakaguzi wa kazi, ambao ni wachache kuliko mikahawa, wapewe magari na mamlaka ya kufika Bypass siku ya Jumamosi, siyo Jumanne asubuhi ambapo viti bado vimepinduliwa juu ya meza.

Na kwenu ninyi mnaokula na kunyolewa katika miji yetu hii, ninayo maombi mawili. La kwanza, mnapotoa, toeni katika mkono wa aliyewahudumia, na mtoe kwa uso mkunjufu, maana bakshishi iliyotupwa mezani kwa kiburi humlipa mtu kwa kumdhalilisha. La pili, mkiona ada ya huduma imeandikwa katika stakabadhi, muulizeni mwenye mkahawa, kwa adabu lakini kwa sauti ya kusikika, "Fedha hii wanagawiwa kina nani, na lini?" Akikujibu vizuri, lipa kwa furaha na usidhani unadaiwa zaidi. Akibabaika, wewe una haki ya kujua, na mhudumu aliyesimama nyuma yako ana haki ya kupata.